Isiolo: Mji wa Langoni



Kwa wengi wetu wakazi wa pwani, Isiolo lilikuwa jina la kusikia tu katika taarifa za habari mpaka tarehe 2 Machi 2012. Siku hiyo viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu kuzindua mradi mkubwa wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta. Tulielezwa kwamba njia itakayoanzia kwetu itapita Garissa na kufika Isiolo, na kwamba hapo Isiolo itagawanyika, mkono mmoja uelekee Ethiopia na mwingine Sudan Kusini. Tangu siku ile mji huo wa mbali umekuwa jirani yetu katika ramani ya nchi, na jirani ana haki ya kujuliwa hali. Kwa hiyo nimeona wiki hii tuutazame mji wa Isiolo, ulivyoanza, watu wake wanavyoishi, na jambo linalowasubiri, ambalo halitofautiani sana na lililokwisha kutufika sisi.

Msafiri atokaye Mombasa hana njia ya mkato inayozoeleka. Hupanda mpaka Nairobi, kisha hufuata barabara ya Nanyuki na kuuzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi na kaskazini. Kuanzia Nairobi hadi Isiolo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 270. Sehemu za Timau baridi huwa kali, na mashamba ya ngano yametandazwa pande zote mbili za njia pamoja na nyumba za plastiki za kukuzia maua na mboga za kupelekwa Ulaya. Baada ya Subuiga, penye njia panda ya kwenda Meru, barabara huanza kuteremka. Koti huvuliwa, madirisha ya gari hufunguliwa, na mbele ya macho huonekana uwanda mpana wa rangi ya kahawia, wenye migunga na vilima vilivyosimama kimoja kimoja, usioonekana mwisho wake. Chini ya mteremko, mlima unapokoma na uwanda unapoanza, ndipo ulipo mji wa Isiolo.

Mswahili akifika hapo hushangazwa kwanza na majina ya mitaa. Kuna Kambi ya Juu, Kambi Garba, Kiwanjani, Maili Saba na Kulamawe. Ni Kiswahili kitupu, mamia ya kilomita kutoka baharini, na kila jina limebeba habari. Neno kambi linatukumbusha kwamba watu wengi walifika hapa kwa kupiga kambi, wakiwa askari, vibarua, wachungaji au wakimbizi, nao hawakujua kwamba watazikwa hapo. Kulamawe ni kicheko cha watu waliouona ukavu wa ardhi na kusema kwamba hapa chakula ni mawe. Pembeni ya majina hayo kuna Bula Pesa, na bula ni neno lenye maana ya kijiji au mtaa katika lugha za Wasomali na Waborana. Kuna Tullu Roba, yaani kilima cha mvua kwa Kiborana. Kuna Ngare Mara, ambalo mwanzo wake, ngare, ni maji katika lugha ya Wasamburu. Na mto mkubwa wa eneo hilo, Ewaso Ng'iro, umepewa jina na Wasamburu hao hao kwa sababu ya rangi ya kahawia ya maji yake. Ukiyapanga majina haya pamoja utaona kwamba karibu kila kabila lililofika liliacha neno lake, na kwamba maneno mengi kati ya hayo yanahusu ama maji, ama mahali pa kulala.

Mji wenyewe si mkongwe kama Lamu, Pate au Mombasa. Umri wake ni takriban miaka mia moja. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya 1914 hadi 1918, Wasomali wa koo za Isaaq na Harti, wengi wao wakiwa wamewatumikia Waingereza vitani, waliruhusiwa kukaa na mifugo yao katika sehemu hii. Asili yao ilikuwa Berbera, Aden na Kismayu, bandari ambazo wazee wetu walizijua vyema kwa safari za majahazi. Serikali ya kikoloni nayo iliweka hapo kituo cha karantini, ambapo mifugo iliyotoka kaskazini ilizuiliwa na kukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kupanda nyanda za juu, walikokuwa walowezi na ng'ombe wao. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Isiolo ilikuwa kuzuia. Ng'ombe walizuiliwa kwa kuogopewa maradhi, na watu nao wakazuiliwa kwa amri. Kaskazini yote iliwekwa chini ya sheria za wilaya zilizofungwa, ambapo mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Eneo hilo liliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na wengi hata leo huliita NFD. Isiolo ilikuwa lango lake.

Lango hilo liliingia mpaka katika lugha. Kwa miaka mingi baada ya uhuru barabara ya lami ilikomea Isiolo, na magari ya kwenda Marsabit na Moyale yalikusanywa na kusindikizwa na askari. Mtu wa kaskazini aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi alisema kwamba anakwenda Kenya. Aliyasema hayo bila mzaha, na aliyemsikia alimwelewa.

Kuna kisa katika historia ya mji huu kinachostahili kufahamika na vijana wetu. Baina ya mwaka 1936 na 1941 Wasomali wa Isaaq waliokuwa Kenya walishindana na serikali juu ya kodi. Kwa kawaida watu hugombana na serikali wakitaka kodi ipunguzwe. Hawa walitaka walipishwe kodi ya juu zaidi, ile waliyotozwa Wahindi na watu wengine wa Asia, kwa sababu daraja la kodi ndilo lililopima haki za mtu katika utawala ule: akae wapi, afanye biashara gani, atibiwe wapi na ahukumiwe na nani. Walikuwa tayari kutoa fedha zaidi ili watambuliwe. Sisi wa pwani, ambao wazee wetu walipangwa na wakoloni katika madaraja ya Waarabu, Waswahili na wenyeji, tunaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Madaraja yale yalikwisha kuondoka pamoja na wenye kuyaweka, lakini uchungu wa kuulizwa wewe ni nani katika ardhi uliyozaliwa haujaisha, kwao wala kwetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana walihamishwa kutoka upande wa Wajir wakaletwa kwenye bonde la Ewaso Ng'iro. Wakiwa huko, wengi wao waliingia katika Uislamu kidogo kidogo, kupitia kwa wafanyabiashara wa Kisomali na walimu wa vyuo, bila ya vita wala amri ya mtu. Waturkana walikuja kutafuta kazi. Wasamburu walikuwa na malisho yao upande wa magharibi. Wameru waliteremka kutoka milimani na mazao yao. Katika soko moja la Isiolo leo utasikia lugha zaidi ya tano kabla hujamaliza kununua fungu la vitunguu, na wenye lugha hizo wakitaka kuelewana hugeukia Kiswahili. Ni Kiswahili chenye lafudhi yake, kisichojali sana ngeli, ambacho mwalimu wa sarufi angekitia wino mwekundu. Lakini kinauza, kinaoza watoto na kinapatanisha mahasimu.

Kipindi kilichoujeruhi mji huu zaidi ni miaka ya vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967. Mwezi Juni 1963, miezi michache kabla ya uhuru, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa akiwa safarini pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Wabera alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kukabidhiwa cheo hicho. Wanaopita katika Mtaa wa Wabera katikati ya jiji la Nairobi hupita juu ya jina lake, na wachache huuliza alikuwa nani. Yaliyofuata yaliwaangukia wafugaji wa kawaida. Watu walikusanywa na kuwekwa katika vijiji vya kulindwa na askari, mifugo haikuweza kufuata malisho, na makundi makubwa ya ngamia, ng'ombe na mbuzi yaliangamia au yakachukuliwa. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Gaf Daba, maana yake wakati mambo yaliposimama. Mwaka 1970 ilipitishwa sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyatenda katika vita hivyo. Sheria ile ilitaja Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Msomaji wa Lamu na Tana asidhani basi kwamba anasoma habari za watu wengine. Majina yetu na yao yaliandikwa katika mstari mmoja.

Kutokana na umaskini huo ndipo baadhi ya wafugaji walipoanza kushika jembe. Baada ya vita ilianzishwa miradi ya kilimo cha umwagiliaji kando ya mito, kama ule wa Malka Daka karibu na Garba Tulla, ili waliopoteza mifugo wapate chakula. Karibu na mji wenyewe, Mto Isiolo unaoteremka kutoka Mlima Kenya umewawezesha watu kulima mahindi, nyanya, vitunguu, sukuma wiki na mipapai sehemu za Burat na Kiwanjani. Mgeni anayeuona uwanda mkavu kutoka juu ya barabara hawezi kukisia kwamba chini kuna mifereji inayopita katikati ya mashamba ya kijani. Mvua ni chache na haziaminiki, kwa hiyo kila kitu hutegemea maji yanayotoka juu. Anayelima chini ya mto anaishi kwa uadilifu wa anayelima juu yake.

Hilo ndilo jambo kubwa la Isiolo, naye mwanafunzi wa madrasa halimpiti bila kulitafakari, maana tumefundishwa na masheikh wetu kwamba maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wamefanywa washirika. Waborana walikuwa na utaratibu wao wa kuutekeleza ushirika huo tangu kabla ya serikali. Wazee wa dedha, yaani eneo la malisho, ndio waliogawa ardhi kwa majira: hapa pa wakati wa mvua, pale pa kiangazi, na kule pasiguswe mpaka mwaka wa ukame. Kisima nacho kilikuwa na msimamizi aliyepanga zamu za kunywesha. Mgeni hakunyimwa maji, lakini alitakiwa aombe kwanza. Katika adabu hiyo ya kuomba na kupewa ndimo amani ya uwanda ilimohifadhiwa, na ilipoachwa, damu ilimwagika.

Maisha ya mji leo yanaonekana vyema zaidi katika biashara ya maziwa ya ngamia. Ngamia hukamwa alfajiri katika maboma yaliyo mbali na mji, na maziwa husafirishwa kwa pikipiki na magari katika mitungi ya plastiki mpaka Isiolo. Hapo hupokewa na akina mama, wengi wao wakiwa wanachama wa ushirika wa Anolei, wakayaonja, wakayapima na kuyapoza, kisha yakapakiwa kwenye mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi. Mama aliyebaki mjane au aliyepoteza mifugo kwa ukame hupata hapo karo ya watoto wake. Biashara hii inahitaji uaminifu mwingi, kwa sababu mfugaji hamwoni mnywaji, na mtungi mmoja uliotiwa maji huharibu jina la wote. Kazi kama hii ndiyo iliyoligeuza lango la karantini kuwa soko. Waliozuiliwa pale walikaa, wakajenga, wakafanya biashara na walinzi wao, na mwisho mji ukawa wao.

Mambo yalibadilika kwa kasi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2007 kazi ya kutia lami barabara ya kaskazini ilianza, na kufikia 2017 gari liliweza kutoka Isiolo hadi Moyale, safari ya takriban kilomita 500, juu ya lami tupu. Uwanja wa ndege wa Isiolo ulifunguliwa rasmi Julai 2017. Serikali ilitangaza pia mpango wa kujenga mji wa kitalii sehemu ya Kipsing, na machinjio makubwa ya nyama ya kuuzwa nje, ambayo ujenzi wake ulisimama na kuanza tena kwa miaka mingi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata wakazi 268,002 katika kaunti nzima, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000. Kheri iliyomo katika barabara hatuikanushi. Mgonjwa anafika hospitali, bei ya unga imesogea, na yule mzee hana tena sababu ya kusema anakwenda Kenya.

Lakini lango lililofunguliwa hupitisha kila kitu. Ardhi ambayo haikuwa na thamani machoni mwa mtu wa mbali sasa ina bei. Familia zilizokaa Isiolo kwa vizazi vinne, nyingi hazina hati ya kumiliki ardhi. Zina barua za ugawaji zilizotolewa na mabaraza ya zamani, na nyingine hazina hata barua, zina makaburi tu. Malisho yote ya kaunti yalikuwa ardhi ya amana iliyoshikwa na baraza kwa niaba ya watu, na sheria ya mwaka 2016 ya ardhi ya jamii imeleta njia ya kuisajili kwa majina ya jamii zenyewe, ila kusajili kunakwenda polepole, na wanunuzi wanakwenda mbio. Mipaka baina ya Isiolo na Meru inabishaniwa, na mradi mkubwa ukitangazwa karibu na mpaka, ubishi huo hupata kuni. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, wakati ambapo habari za miradi hii zilikuwa zimeenea na uchaguzi wa kaunti ulikuwa unasogea, jamii za Isiolo zilipigana, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na mboga waligeuziana mtutu wa bunduki.

Hata hivyo mji huu unao pia urithi wa kupatana. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa jamii za wafugaji walikutana Modogashe wakakubaliana masharti ya malisho, ya kurudisha mifugo iliyoibiwa, na ya kulipa fidia kwa roho iliyopotea. Mwenye kusoma fiqhi ataona mara moja udugu baina ya mapatano hayo na mlango wa diya, ambao nao huhesabu fidia kwa ngamia. Lengo ni moja, kuuzima moto kabla haujarithiwa na watoto. Mapatano hayo yamevunjwa mara nyingi, na mara nyingi wazee wamerudi kukaa chini ya mti na kuyafufua.

Hapo ndipo habari zao zinapoungana na zetu. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Kabla ya hapo wavuvi wa Lamu walikuwa wamekwenda mahakamani kulalamika kwamba bahari yao imechimbwa bila wao kuulizwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Mvuvi wa Lamu na mfugaji wa Isiolo wamesimama katika ncha mbili za barabara moja, na swali lao ni moja: je, njia hii inatupitia ili itufikie, au inatupita tu? Ahadi ni deni, na wenye kudai deni hili ni bora wajuane.

Kwa hiyo nina wasia mdogo kwa wasomaji wetu. Najua wapo miongoni mwetu wenye akiba, wanaoambiwa na madalali kwamba Isiolo kuna viwanja vya bei rahisi ambavyo kesho vitakuwa dhahabu. Biashara ni halali, lakini kabla hujatoa fedha yako nenda ukakae na wazee wa mtaa ule, uulize nani alizikwa pale, nani hupitisha ngamia wake pale wakati wa kiangazi, na kisima kilicho karibu ni cha zamu ya nani. Ardhi isiyo na ua haikosi wenyewe. Sisi ambao tumewahi kurudi kwenye mashamba ya babu zetu tukakuta yamezungushiwa nyaya, hatufai kuwa wa kwanza kumzungushia mwenzetu.

Na ikiwa barabara itakamilika na watu wa Isiolo wakateremka kuja kwetu na ngamia, nyama na maziwa yao, tuwapokee kwa usemi wetu wa siku zote, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tuwaulize pia habari za mto. Wakisema maji yamefika mpaka mashamba ya chini, tutajua kwamba huko juu kuna uadilifu. Wakisema mto umekauka, tusiishie kuwapa pole, tuulize ni nani aliyeyazuia. Mwenyezi Mungu aijaalie njia hii iwe ya kheri kwa walio mwanzo wake, kwa walio mwisho wake, na kwa wanaoishi kando yake. Amin.